Tathmini ya De-Jargonizer, programu inayopima ugumu wa maneno ya kitaalamu

De-Jargonizer ni programu ya mtandaoni isiyolipiwa, na kazi yake ni moja tu: kumwonyesha mwandishi ni maneno gani katika maandishi yake ambayo msomaji asiye mtaalamu huenda hayajui. Ilitengenezwa na watafiti wa Israeli kutoka Technion na Holon Institute of Technology, na maelezo yake ya kisayansi yalichapishwa mwaka 2017 katika jarida la PLOS ONE. Nimekuwa nikiitumia katika kuhariri mihtasari ya utafiti inayokusudiwa kusomwa na wagonjwa, watunga sera na wananchi wasio na mafunzo ya fani husika. Hukumu yangu ni kwamba ni chombo bora kwa kazi ndogo kilichoundiwa, lakini kinaweza kumpotosha mtu anayeamini kwamba maandishi yaliyopata alama ya juu ni lazima yawe yanaeleweka.

Namna inavyofanya kazi haina maficho. Mtumiaji hubandika maandishi ya Kiingereza kwenye kisanduku au hupakia faili, kisha hubofya kitufe. Kama ilivyoelezwa mwaka 2017, programu hulinganisha kila neno na orodha iliyotokana na maneno zaidi ya milioni 90 yaliyochapishwa katika tovuti za BBC kati ya mwaka 2012 na 2015. Neno linalojitokeza mara nyingi katika hazina hiyo hubaki na rangi nyeusi, linalojitokeza kwa kiasi hupewa rangi ya chungwa, na lile lililo adimu hupewa rangi nyekundu. Mwishoni hutolewa alama kati ya 0 na 100, ambayo hupunguzwa kwa uzito kamili na kila neno jekundu na kwa nusu ya uzito huo na kila neno la chungwa. Kwa mfano, aya ya maneno 200 yenye maneno 12 ya chungwa na 8 mekundu hupoteza asilimia 7 na kupata alama 93.

Alama 93 humfurahisha mwandishi yeyote, na ndiyo maana nashauri isitazamwe kwanza. Wataalamu wa stadi za kusoma wamekuwa wakieleza kwamba ili mtu aelewe matini bila msaada, anahitaji kuyajua takriban asilimia 98 ya maneno yake. Katika aya yetu ya maneno 200, kiwango hicho kinaacha nafasi ya maneno manne tu yasiyojulikana, ilhali aya iliyopewa 93 ina maneno mekundu manane, mara mbili ya yanayovumilika. Kwa bahati nzuri programu huonyesha pia asilimia ya kila kundi la maneno, na mwandishi makini ataitazama asilimia ya maneno mekundu kabla ya kitu kingine chochote. Watengenezaji wenyewe walipoijaribu programu hii kwa jozi 5,000 za ikisiri za kitaaluma (maelezo mafupi yanayotangulia makala za utafiti) na mihtasari ambayo waandishi wale wale waliiandika kwa ajili ya umma, walikuta kwamba ikisiri zilikuwa na takriban asilimia 14 ya maneno ya kitaalamu na mihtasari ya umma ilikuwa na takriban asilimia 10. Maana yake ni kwamba wanasayansi waliokaa chini kwa nia njema ili waandike kwa ajili ya kila mtu, bado walimwachia msomaji wao neno moja asilolijua katika kila maneno kumi. Sijui ushahidi mwingine unaoonyesha kwa uwazi zaidi kwa nini chombo kama hiki kinahitajika, kwa sababu mwandishi aliyeishi na istilahi zake kwa miaka mingi huwa hazioni tena.

Uhitaji huo si wa hisani tu. Kanuni ya Umoja wa Ulaya namba 536 ya mwaka 2014 inawataka wanaofadhili majaribio ya dawa watoe muhtasari wa matokeo unaoeleweka na mtu asiye mtaalamu, na nchini Marekani sheria ya uandishi wa lugha nyepesi iliyosainiwa mwaka 2010 inazibana idara za serikali kuu kwa namna hiyo hiyo. Kwa hiyo wapo maelfu ya watu ambao sasa wanatakiwa na ajira zao kuandika kwa lugha ambayo hawakuwahi kufundishwa, baada ya kupita katika vyuo vilivyowafundisha kinyume chake.

Nionyeshe kwa karibu msaada ambao programu hii hutoa. Chukua sentensi ya aina inayopatikana kwa wingi katika ikisiri za tiba, ambayo kwa Kiswahili ingesomeka hivi: «Wagonjwa wenye maradhi sugu ya figo walionyesha kupungua kwa kiwango cha mchujo wa glomerula kulikohusiana na albuminuria isiyodhibitiwa.» Ukiiweka kwa Kiingereza chake katika De-Jargonizer, maneno ya glomerula na albuminuria huwaka mekundu papo hapo. Hapo mwandishi hulazimika kujiuliza maswali mawili ambayo asingejiuliza peke yake: je, msomaji wangu anahitaji jina la kile kichujio kidogo ndani ya figo, na je, anahitaji jina la hali ya protini kuvuja kwenye mkojo, au anahitaji kujua tu kwamba inavuja? Mara nyingi jibu ni kwamba msomaji anahitaji tukio lenyewe, na sentensi hugeuka kuwa: «Wagonjwa ambao protini ilikuwa ikivuja kwenye mkojo wao bila kudhibitiwa ndio ambao figo zao zilipoteza zaidi uwezo wa kuchuja damu.» Sentensi imerefuka kidogo, lakini sasa mgonjwa anaweza kuisoma, akaielewa, na akajua la kumuuliza daktari.

Lakini tazama tena sentensi ile ya kwanza. Ugumu wake haukuwa katika maneno mekundu peke yake. «Walionyesha kupungua kwa kiwango» na «kulikohusiana na» ni maneno ya kawaida ambayo programu haiyagusi, ilhali ndiyo yaliyoficha nani alipatwa na nini. Kitendo kimefanywa nomino, nomino imebebeshwa nomino nyingine, na msomaji anatafuta kitenzi asikione. Mwandishi anayebadilisha maneno mawili mekundu na kuacha muundo ule ule atapata alama nzuri na muhtasari mbovu. Nimeuona muhtasari wa namna hiyo mara nyingi mno, ukiwa umeambatanishwa na picha ya alama iliyopatikana kana kwamba ni cheti.

Kuna lawama moja dhidi ya De-Jargonizer ambayo siikubali. Watumiaji wengine hulalamika kwamba programu hupaka rangi nyekundu hata pale ambapo mwandishi ameifafanua istilahi katika mabano au katika sentensi inayofuata, na wanaona kwamba huko ni kumwadhibu mwandishi aliyetimiza wajibu wake. Mwaka 2020 Hillary Shulman na wenzake wa Ohio State University walichapisha matokeo ya utafiti uliowahusisha watu wazima 650, waliosoma aya kuhusu magari yanayojiendesha, roboti za upasuaji na uchapishaji wa viungo vya mwili kwa mashine. Waliosoma aya zilizojaa istilahi walisema kwamba hawavutiwi na sayansi na kwamba wao si watu wa mambo hayo, na hali haikuwa nafuu kwa wale waliopewa ufafanuzi wa kila istilahi. Neno gumu lilikuwa limekwisha kuwaambia kwamba mazungumzo yale si yao. Kwa hiyo ninapoiona istilahi iliyofafanuliwa ikiendelea kuwaka nyekundu, naichukua kuwa taarifa sahihi: ufafanuzi unasaidia kwa istilahi chache ambazo msomaji atakutana nazo tena hospitalini, mahakamani au kazini, na haufai kuwa kisingizio cha kuziacha zote.

Vifupisho ni eneo jingine ambalo programu inastahili sifa. Adrian Barnett na Zoe Doubleday walichunguza vichwa vya makala zaidi ya milioni 24 na ikisiri zaidi ya milioni 18 za kisayansi zilizochapishwa kati ya mwaka 1950 na 2019, wakakuta vifupisho tofauti zaidi ya milioni moja, ambavyo asilimia 79 kati yake vilitumika chini ya mara 10 katika maandiko yote hayo. Yaani wanasayansi hubuni vifupisho ambavyo hata wanasayansi wenzao hawatavitumia. Programu inayohesabu uadimu huvinasa vifupisho hivyo bila shida, na mwandishi anayeona aya yake imetapakaa madoa mekundu ya herufi kubwa hupata aibu inayostahili na kuandika jina lote.

Sasa nifike kwenye dosari ambayo kwangu ni kubwa kuliko zote, nayo inatokana na msingi wenyewe wa programu. De-Jargonizer hupima uadimu wa neno. Haipimi kama msomaji na mwandishi wanalielewa neno hilo kwa maana moja. Istilahi zenye madhara makubwa zaidi si zile zinazomshtua msomaji kwa ugeni wake, kwa sababu mtu aliyekutana na neno asilolijua angalau anajua kwamba hajui, na anaweza kuuliza. Zenye madhara ni zile zilizovaa nguo za maneno ya kila siku. Mwaka 2022 jarida la JAMA Network Open lilichapisha utafiti ambamo watu 215 waliohudhuria maonyesho ya Minnesota State Fair, Marekani, waliulizwa maana ya misemo ambayo madaktari huwaambia wagonjwa. Asilimia 96 walijua kwamba kipimo cha saratani kikiwa «hasi» ni habari njema. Walipoambiwa kwamba tezi za limfu ni «chanya», ni asilimia 67 tu waliotambua kwamba saratani imesambaa. Picha ya eksirei ya kifua ambayo daktari ameiita «ya kuvutia», msemo ambao kwa madaktari ni habari mbaya, ilieleweka hivyo na asilimia 21 tu. Na msemo wa daktari kuhofia maambukizi yaliyojificha, ambao kwa Kiingereza hutumia neno «occult», linaloleta mawazo ya uchawi akilini mwa mtu wa kawaida, ulieleweka na asilimia 2.

Neno hilo la mwisho, kwa kuwa si la kila siku, lina nafasi ya kutiliwa alama na programu. Lakini «chanya», «hasi» na «ya kuvutia» ni maneno ya gazeti lolote la michezo au siasa, na yatabaki meusi siku zote. Programu itampongeza daktari aliyemwandikia mgonjwa kwamba matokeo yake ni chanya na picha yake ni ya kuvutia, na mgonjwa atakwenda nyumbani akiwa na furaha. Huo si udhaifu mdogo wa kurekebishwa kwa kuongeza maneno kwenye orodha. Kadiri neno linavyozoeleka, ndivyo programu inavyoliamini, na ndivyo maana ya kitaalamu iliyojificha ndani yake inavyopita bila kuonekana.

Kila fani ina maneno yake ya namna hiyo. Mwanatakwimu anaposema «kosa» hamaanishi kwamba mtu amekosea, na anaposema tofauti ni «ya maana» hasemi kwamba ni kubwa wala kwamba inafaa kumhangaisha mtu, bali kwamba matokeo ya namna hiyo yasingetarajiwa sana kama kusingekuwa na tofauti yoyote. Mwanafizikia atakuambia kwamba mtu aliyesukuma ukuta usiosogea tangu asubuhi hadi jioni hajafanya «kazi» yoyote juu ya ukuta huo. Katika sheria ya mikataba ya Kiingereza, neno «consideration», ambalo mtaani humaanisha kutafakari, ndilo linalotaja kitu chenye thamani ambacho kila upande humpa mwingine ili mkataba uwe na nguvu, na mtu anayesoma mkataba wake wa kazi hana sababu ya kushuku kwamba neno hilo halimaanishi analolijua. Na kwa kuwa programu husoma neno moja moja, istilahi zilizoundwa kwa maneno mawili mepesi hupita vilevile: «shimo jeusi» la wanaanga ni shimo, na ni jeusi, na hakuna lolote kati ya maneno hayo lenye uadimu.

Katika maisha ya ofisini tatizo hili huchukua sura nyingine ambayo naona ni mbaya zaidi, kwa sababu huko neno halina hata maana ya kitaalamu nyuma yake. Ripoti ikisema kwamba «mradi ulifanikiwa kuwajengea uwezo wadau muhimu kupitia mbinu shirikishi na endelevu», kila neno linajulikana na hakuna anayejua kilichotokea. Je, watu walifundishwa kutunza hesabu? Walipewa vifaa? Waliitwa kwenye warsha wakala chakula cha mchana na kuondoka? Lugha hii imezoeleka katika habari za kila siku kiasi kwamba hazina ya maneno iliyochotwa kutoka tovuti ya habari haiwezi kuitilia shaka. Mwandishi wa ripoti ya namna hiyo akiipitisha kwenye De-Jargonizer atapata alama nzuri, na mwanakijiji ambaye fedha za mradi zilitolewa kwa jina lake hataweza kumuuliza swali hata moja kwa kutumia ripoti hiyo. Hapo lugha nzito haikutokana na ugumu wa jambo. Imetokana na kutotaka kuulizwa, na hakuna hesabu ya uadimu itakayoligundua hilo.

Mwaka 2022 Eric Martínez, Francis Mollica na Edward Gibson walionyesha kwamba ugumu wa mikataba hautokani hasa na dhana za kisheria zenyewe, bali na namna ya uandishi. Jambo kuu walilolikuta ni tabia ya kupachika sentensi nzima ndani ya tumbo la sentensi nyingine, hivi kwamba mtenda anatajwa mwanzoni na kitenzi chake kinafika baada ya mistari kadhaa. Tafiti zao zilizofuata zilionyesha kwamba hata mawakili hawaipendi lugha hiyo na huikumbuka kwa shida kuliko ile nyepesi. De-Jargonizer haina la kusema kuhusu jambo hili, kwa kuwa haijui sentensi inaanzia wapi na inaishia wapi. Kwa yeyote anayehariri mikataba, sera za bima au masharti ya matumizi, naishauri kwa uzito mdogo sana.

Hapo ndipo baadhi ya watu huniuliza kama si afadhali kutumia vikokotoo vya usomekaji, ambavyo huzingatia urefu wa sentensi. Kongwe na maarufu kati ya hivyo ni kanuni ya Rudolf Flesch ya mwaka 1948, ambayo mwaka 1975 ilifanyiwa marekebisho kwa ajili ya jeshi la wanamaji la Marekani na sasa imo ndani ya programu nyingi za kuandikia. Kanuni hiyo huangalia mambo mawili tu: wastani wa maneno katika sentensi na wastani wa silabi katika neno. Ina faida ya kumkumbusha mwandishi akate sentensi zake, lakini huadhibu neno refu linalojulikana na mtoto na husamehe neno fupi ambalo hakuna anayelijua. Katika hilo De-Jargonizer imeizidi kwa mbali, kwa sababu inauliza swali lililo karibu zaidi na ukweli: je, watu hukutana na neno hili? Hemingway Editor, inayopaka rangi sentensi ndefu na vitenzi vya kutendwa, ni mwenzi mzuri wa De-Jargonizer, na mimi huzitumia zote mbili kwa mfululizo, sentensi kwanza na maneno baadaye. Ile Up-Goer Five, inayomlazimisha mwandishi atumie maneno elfu moja tu ya Kiingereza yanayotumika zaidi, ni zoezi zuri la darasani, lakini haifai kwa kazi halisi, kwani kumwandikia mgonjwa bila kutaja jina la ugonjwa wake ni kumnyima neno ambalo atalihitaji kesho yake.

Msomaji wa Kiswahili atataka kujua kama programu hii inaweza kumsaidia katika lugha yake, na jibu ni kwamba haiwezi, kwa sababu orodha yake ni ya Kiingereza. Inafaa kueleza kwa nini si jambo la kutafsiri orodha tu. Kitenzi cha Kiswahili hubeba ndani yake mtenda, wakati, mtendwa na uhusiano wao, hivi kwamba «aliyekuandikia» ni neno moja lenye silabi nane ambalo kila mtu analielewa, na huenda umbo hilo hasa likajitokeza mara chache katika mamilioni ya maneno. Programu inayohesabu maumbo jinsi yalivyo ingepaka nyekundu nusu ya barua ya mama kwa mwanawe. Kanuni ya Flesch ni mbaya zaidi: matini yenye wastani wa silabi tatu kwa neno, ambao si wa ajabu katika Kiswahili, hupata alama chini ya sifuri hata kama sentensi zake ni fupi mno. Chombo cha Kiswahili kingehitaji kwanza kulivua neno viambishi vyake na kufika kwenye mzizi, ndipo kihesabu. Hilo si la kufikirika, kwa maana uchanganuzi wa namna hiyo umekwisha kufanywa katika Helsinki Corpus of Swahili, yenye maneno takriban milioni 25. Kinachokosekana ni mtu wa kuuchukua uchanganuzi huo na kuugeuza kuwa kisanduku chepesi ambacho muuguzi au karani anaweza kubandika aya yake. Natamani kwa moyo wote kuona kazi hiyo ikifanyika, kwa kuwa Kiswahili cha nyaraka rasmi kina istilahi zilizobuniwa mezani ambazo mwandishi huamini zinajulikana kwa sababu tu zimo katika kamusi.

Jambo moja zaidi kuhusu orodha yenyewe. Lugha ya tovuti ya habari hupendelea mambo ya habari: majina ya vyeo, maneno ya vita, uchaguzi na michezo huwa na wingi ambao hayana katika mazungumzo ya watu, na maneno ya nyumbani, ya mwili na ya malezi huweza kuwa machache kuliko yalivyo midomoni mwetu. Orodha pia huzeeka. Maneno mengi ya afya ya umma yaliyokuwa ya wataalamu kabla ya mwaka 2020 yaliingia katika kila nyumba ndani ya miezi michache, na orodha iliyotokana na miaka ya 2012 hadi 2015 isingeweza kulijua hilo. Chombo cha aina hii kinahitaji hazina inayofanywa upya mara kwa mara, na mtumiaji ahakikishe anajua maandishi yake yanalinganishwa na maneno ya miaka gani.

Kiwango cha kimataifa cha lugha nyepesi, ISO 24495-1 cha mwaka 2023, kinataka msomaji apate anachokihitaji, akione kwa urahisi, akielewe, na aweze kukitumia. Nikiipima De-Jargonizer kwa mizani hiyo, inagusa sehemu ya sharti la tatu peke yake. Haijui msomaji wako alikuja kutafuta nini, haijui kama jibu lake umelizika katika aya ya sita, na haijui kama baada ya kusoma ataweza kujaza fomu, kunywa dawa kwa wakati au kukata rufaa. Hayo hugunduliwa kwa njia moja tu ninayoiamini, yaani kumpa mtu wa aina iliyokusudiwa karatasi yenyewe, kumwomba aeleze kwa maneno yake alichokisoma, na kunyamaza anapoeleza.

Nampendekezea chombo hiki bila kusita mwanafunzi wa shahada ya uzamili au uzamivu anayeandika kwa Kiingereza muhtasari wake wa kwanza kwa ajili ya umma, pamoja na mhadhiri anayetaka kuwaonyesha wanafunzi wake, kwa rangi na bila kuwafokea, umbali uliopo kati yao na msomaji. Nampendekezea pia mhariri wa mihtasari ya tiba, kwa sharti kwamba awe na orodha yake pembeni ya maneno ya kawaida yenye maana iliyojificha katika fani anayoihariri, na ayatafute moja baada ya jingine baada ya programu kumaliza kazi yake. Orodha hiyo ndiyo ambayo ningependa watengenezaji waiingize katika toleo lijalo: uwezo wa mtumiaji kuongeza maneno yake mwenyewe na kuyapa rangi ya nne, ili «chanya» ya daktari, «kosa» la mwanatakwimu na «wadau» wa mwandishi wa ripoti nayo yaonekane kwenye ukurasa.